BUSTANI YA MBOGA NYUMBANI: FUNZO LA NYAMUSWA KWA WAKULIMA WA KARAFUU

Na Katibu wa Chama



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza khabari za mkarafuu: kupalilia, kuchuma, kuanika na kupima. Leo nataka tuzungumze khabari ya kitu kidogo zaidi, ambacho hakipelekwi kituoni wala hakitiwi katika gunia, lakini huingia katika chungu kila siku. Nacho ni mboga. Masika yanakaribia, na atakaye kula mboga yake mwenyewe mwezi wa Juni sharti aanze kushika jembe sasa.

Huenda mwanachama akauliza, "Sisi ni watu wa karafuu, mchicha unatuhusu nini?" Jawabu lake ni fupi. Mkarafuu hutoa fedha mara moja kwa mwaka, tena si kila mwaka. Kila mmoja wetu anajua kwamba mkarafuu ukizaa sana msimu mmoja hupumzika msimu unaofuata, na pengine hupita miaka mitatu au minne kabla ya kuona tena mwaka wa neema. Lakini tumbo halina msimu. Watoto hula asubuhi na jioni, mwaka wa karafuu nyingi na mwaka wa karafuu chache sawasawa.

KWA NINI NYAMUSWA?

Nimechagua mfano wa mbali, nao ni Nyamuswa. Nyamuswa iko katika nchi ya Waikizu, Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Si mbali na Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka wa 1922, na ambako alirejea kulima baada ya kuacha Urais mwaka wa 1985. Huko hakuna mkarafuu hata mmoja wala mnazi wa kukwea. Lakini watu wake na sisi tunafanana kwa jambo moja kubwa: zao lao la fedha ni pamba, nalo huuzwa mara moja kwa mwaka, kwa bei inayofuata soko la dunia.

Mkulima wa pamba hupanda mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, hupalilia, huvuna katikati ya mwaka, kisha husubiri mnunuzi. Bei ikiwa nzuri hununua mabati na ng'ombe. Bei ikiwa mbaya hukaa kimya. Sisi tunalijua jambo hilo vizuri. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu duniani, kwa ajili ya sigara zao zinazochanganywa na karafuu. Wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na katika miaka ya 1980 wakawa hawahitaji tena yetu kama zamani. Bei ikaanguka vibaya sana. Hakuna mkulima wa Pemba aliyefanya kosa. Mikarafuu ilikuwa ile ile na karafuu zilikuwa safi zile zile. Pamba nayo imepata kuanguka hivyo hivyo.

Mwandishi wa makala haya amepata kufika pande hizo kwa shughuli za kijamaa, na jambo moja lilimvutia. Nyumba nyingi zina kijisehemu nyuma ya jiko, kimezungushiwa miti yenye miiba ili mbuzi wasiingie, na ndani yake mna mboga. Si shamba. Ni hatua kumi kwa hatua nane, pengine chini ya hapo. Mama wa nyumba hutoka na ungo, huchuma, hurudi jikoni kabla maji ya ugali hayajachemka. Na huko mvua ni chache kuliko za kwetu, na miezi ya kiangazi maji hutekwa mbali. Ikiwa bustani yaweza kukaa Nyamuswa, sisi tuliojaaliwa mvua nyingi Pemba tuna udhuru gani?

DENI HUANZA KIDOGO

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu, kwa hivyo naomba mwanachama asome taratibu.

Wazee wetu walipata taabu kubwa ya madeni. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamewekwa rehani, hata Serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria juu ya madeni na uuzaji wa mashamba. Watu hudhani kwamba madeni hayo yalitokana na harusi kubwa na anasa tu. Anasa zilikuwako, lakini deni nyingi huanza kwa kitu kidogo: kibaba cha mchele leo, chupa ya mafuta kesho, fungu la mboga keshokutwa, yote yakiandikwa katika daftari la dukani mpaka msimu. Msimu ukija, karafuu zina mwenyewe tayari.

Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba ikinunua mboga na viungo vya shilingi 1,000 tu kwa siku, kwa mwaka ni shilingi 365,000. Ikiwa bustani itatoa nusu ya mboga hizo, shilingi 182,500 zimebaki mfukoni. Kila mmoja na apige hesabu yake mwenyewe kwa bei za sokoni kwake, kisha ajiulize fedha hizo zingemsaidia nini wakati wa kulipa wachumaji.

Kuna jambo jingine. Chakula cha kutoka nje si kitu cha kukitegemea milele. Mwaka wa 1942 Wajapani walipoichukua Burma, mchele wa huko uliokuwa ukiletwa Unguja na Pemba ulikatika, na watu wakarudi kwenye muhogo na viazi kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tena vyakula vya kutoka nje vilikuwa haba Visiwani, na wazee wanaoikumbuka miaka hiyo wangali hai. Nyakati zote mbili aliyekuwa na kitu nyuma ya nyumba yake alisumbuka kidogo kuliko aliyekuwa na mikarafuu peke yake. Karafuu hailiwi.

WAKATI WA KUANZA

Wazungu wana majira yao ya kupanda bustani, baada ya baridi kuondoka na theluji kuyeyuka. Sisi hatuna theluji. Majira yetu hupimwa kwa mvua na upepo. Nyamuswa wana mvua ndefu kuanzia Machi mpaka Mei, na mvua fupi mwisho wa mwaka. Sisi tuna masika na vuli katika miezi iyo hiyo, na tuna nyongeza ya mvua za mchoo, ambazo ni manyunyu mazuri sana kwa mboga.

Lakini tusiige bila ya kufikiri. Nyamuswa mvua ya kwanza ikinyesha mtu hupanda siku hiyo hiyo, maana hajui ya pili itakuja lini. Pemba, mbegu ndogo kama za mchicha zikipandwa katikati ya masika huchukuliwa na maji mpaka bondeni. Kwa hivyo kwetu yafaa kutayarisha ardhi mwezi wa Februari, kupanda mapema Machi kabla ya mvua kubwa, na kupanda tena mvua zikipungua mwisho wa Mei. Upandaji huu wa pili ndio bora kabisa, kwa sababu udongo umeshiba maji, kusi linavuma, na jua si kali. Vuli nayo hutayarishwa Septemba.

MAHALI NA VITANDA

Chagua mahali karibu na nyumba, penye jua walau nusu ya siku, na karibu na maji. Bustani iliyo mbali na jiko husahauliwa.

Nasisitiza jambo moja kwa wanachama wote: usichimbe vitanda vya mboga chini ya mkarafuu. Mizizi ya mkarafuu inayoutafutia chakula iko juu juu, na jembe likiikata mti hudhoofika. Tena chini ya mkarafuu pana kivuli, na mboga hutoka nyembamba na njano. Utapoteza vyote viwili. Tafuta uwazi.

Kitanda kiwe na upana wa mita moja, ili mtu aweze kufikia katikati kutoka pande zote mbili bila ya kukanyaga. Urefu ni upendavyo. Mita tatu mpaka tano zatosha. Lima kina cha jembe moja, kama sentimita 30, ondoa mawe na mizizi ya ndago.

Hapa tena pana tofauti. Penye ukame, kitanda hufanywa cha kuzama, chini kidogo kuliko ardhi ya pembeni, ili kila tone la maji libaki ndani. Pemba wakati wa masika kitanda cha namna hiyo kitakuwa bwawa la vyura. Sisi tuinue vitanda vyetu kiasi cha shubiri moja, na tuache mifereji baina yake. Lakini kwa mboga za kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Februari, kitanda cha kuzama kinafaa hata kwetu. Na aliye kwenye mteremko, kama wengi wetu, akate vitanda vyake kukingama na mteremko, asivielekeze bondeni.

MBOLEA

Nyamuswa ni nchi ya ng'ombe, na samadi iko zizini. Sisi wenye ng'ombe wawili watatu, au mbuzi na kuku, tunayo pia, ila huitupa. Samadi isitumiwe mbichi, maana huunguza miche na huleta magugu. Ilundike kivulini, uifunike kwa majani ya mgomba, uigeuze kila baada ya wiki mbili, mpaka iwe nyeusi na isiwe na harufu. Asiye na mifugo afanye mboji kwa majani makavu, maganda ya ndizi na muhogo, majivu kidogo na takataka za jikoni. Tia ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, uchanganye na udongo wa juu, uache wiki moja kabla ya kupanda.

NINI TUPANDE

Mchicha uwe wa kwanza. Mbegu zake ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, uzimwage katika mistari iliyoachana sentimita 20 mpaka 30, uzifunike kwa udongo kidogo tu. Huota kwa muda wa siku nne mpaka saba. Punguza iliyosongamana, na hiyo unayoing'oa ni kitoweo chako cha kwanza. Baada ya wiki tatu au nne anza kukata, ukiacha kishina cha sentimita 10 ili uchipue tena.

Mwangani, ambao bara wanauita mgagani, unapendwa sana kanda ile ya Ziwa. Kwetu huota wenyewe kwenye majaa, na wengi huudharau kwa sababu ya uchungu wake. Huo ni ujinga, kwani ni katika mboga bora. Mbegu zake zilizovunwa karibuni hazioti vizuri. Ziweke miezi mitatu au zaidi kabla ya kupanda. Kata maua yanapotokea, nao utazidi kutoa majani.

Kunde hutoa majani baada ya wiki tatu au nne, kisha hutoa kunde zenyewe, na mizizi yake huuongezea udongo rutuba. Panda kunde mahali ulipovuna mchicha.

Bamia iroweke usiku mmoja, utie mbegu mbili katika kila shimo, nafasi ya sentimita 30 kwa 60. Huanza kuzaa baada ya kama miezi miwili. Ichume kila siku ya pili au ya tatu. Ukiiacha hukomaa ikawa kamba, na mti huacha kuzaa.

Biringani, pilipili na nyanya chungu, ambazo bara huziita ngogwe, zianzie kwenye kitalu chenye kivuli cha makuti. Baada ya wiki nne mpaka sita zihamishe jioni, umwagie maji mara moja. Tungule nazo hupandwa hivyo hivyo, lakini ziwekewe mambo ili zisilale chini, na wakati wa masika huoza upesi. Tena tungule, biringani na pilipili ni jamaa moja, na ugonjwa wa mnyauko hukaa katika udongo ukizisubiri. Usizifuatanishe kitanda kimoja. Badilisha kwa kunde au mchicha.

Matembele na kisamvu hazihitaji mafunzo. Panda marando pembeni, na mihogo michache iwe ua.

Kabichi nzuri utaiona Mara, kwa sababu nchi ile iko juu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku hupata ubaridi. Pemba kabichi mara nyingi hutawanyika majani isifunge. Tusipoteze mbegu kwa kutamani cha wenzetu.

Asiye na ardhi achukue kiroba, akijaze udongo na samadi, asimamishe katikati nguzo ya kokoto za kupitishia maji, atoboe matundu ubavuni na apande mchicha pande zote.

KUTUNZA

Mwagilia asubuhi mapema au jioni, kwenye shina, si juu ya majani. Maji uliyooshea mchele na mboga yasimwagwe uani. Tandaza majani makavu baina ya mistari. Hupunguza magugu na huweka unyevu. Huko kwenye ukame ndiko kunakomfanya mtu aweze kupumzika siku moja bila ya kwenda kisimani.

Vidukari vikiingia chini ya majani, nyunyiza majivu makavu asubuhi kungali na umande, au maji yenye sabuni kidogo. Twanga majani ya mwarobaini, yaroweke usiku mmoja, uyachuje na unyunyize jioni. Konokono waokote kwa mkono. Kuku ni adui mkubwa kuliko wote. Zungushia fito na makuti kabla ya kupanda, si baada ya kupata hasara. Na mwenye kununua dawa za dukani asome karatasi yake, ajue ni siku ngapi lazima zipite baada ya kunyunyiza kabla mboga haijaliwa. Mtoto hana ngao ya sumu.

Chagua miche iliyo bora, uiache ikomae kwa ajili ya mbegu. Wengi wetu hula mche bora na kuacha dhaifu utoe mbegu, kisha tunalalamika kwamba mbegu zimeharibika. Kausha kivulini, weka katika chupa kavu pamoja na majivu, andika mwezi.

KUPIKA

Mabibi wanajua zaidi kuliko mimi, lakini haya yamethibitishwa na wataalamu. Mboga ya majani ina vitamini A kwa macho na chuma kwa damu. Ukiichemsha mno na kumwaga maji yake, umemwaga faida yake. Vitamini A haiingii mwilini vyema bila ya mafuta. Wenzetu wa kanda ya Ziwa hupika mboga chungu kwa maziwa. Sisi hupika kwa tui. Mapishi mawili, hekima moja. Na tone la ndimu juu yake husaidia mwili kuchukua chuma, jambo linalowafaa zaidi mama wajawazito na watoto.

KUAZIMANA ARDHI

La mwisho ni gumu kidogo. Wengi wanaopika na kulima mboga ni wanawake, na wengi wao hawana uwazi wao wenyewe. Dasturi yetu Pemba ni njema: mwenye shamba humruhusu jirani kupanda muhogo au viazi, ili mradi asipande mti wa kudumu, kwa sababu mti huleta dai. Mboga si mti. Kitanda cha mchicha hakimpi mtu haki ya shamba lako. Lakini tumesikia kwamba baadhi ya wenye mashamba wamekuwa wakiwatoa watu mara tu bustani inapostawi na samadi imekwisha tiwa. Jambo hilo si zuri. Yafaa mwenye kuazima na mwenye kuazimwa wakubaliane mbele ya mashahidi wawili: mahali gani, misimu mingapi, na kwamba aliyepanda atavuna. Ofisi ya Chama iko tayari kuandika mapatano hayo bila ya malipo.

Kwa hivyo naomba kila mwanachama awe na vitanda vitatu kabla ya masika: kimoja cha mchicha, kimoja cha kunde, na kimoja cha bamia au biringani. Mwenye mbegu za ziada azilete ofisini siku ya mkutano, zigawiwe kwa wasio nazo. Katika mkutano wa Julai kila tawi litatuambia ni nyumba ngapi zimelima, na ni ngapi zimeshindwa na kwa nini. Aliyeshindwa asione haya kusema. Tutafaidika kwa kujua.

Waswahili wamesema, haba na haba hujaza kibaba. Mwaka huu mikarafuu ikizaa, tutashukuru. Isipozaa, chungu kisikae mekoni kitupu.

Wenu mtiifu,
Katibu